Kupanda Mlima kwa Baiskeli: Sayansi ya Maandalizi ya Msafara wa Hisani

Alfajiri katika Chanika, mjini Handeni, baiskeli ni miongoni mwa vyombo vya kwanza kuingia barabarani. Juu ya keria zake hukaa madumu ya maji, magunia ya mkaa au mahindi ya kupelekwa mashineni. Mwendeshaji mwenye madumu manne ya lita 20 hupita tambarare bila taabu kubwa. Lakini afikapo chini ya kilima huteremka, hushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono wa pili, kisha husukuma. Mtazamaji asiyejua huenda akadhani kwamba amechoka. Kwa kweli huwa ametii kanuni ya maumbile, na hesabu ya kanuni hiyo itaonyeshwa hapa chini.

Katika miaka ya karibuni chombo hiki kimepata kazi nyingine. Misafara ya hisani, ambayo washiriki wake huchangisha fedha kwa ajili ya madawati, zahanati au visima, imeanza kutumia baiskeli pamoja na miguu. Mfano unaojulikana nchini ni msafara wa Twende Butiama, ambao huanzia Dar es Salaam na kumalizikia Butiama, mkoani Mara, kwa kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere na kuchangia huduma za jamii. Wazo lenyewe si geni. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, masafa yanayozidi kilomita 200, kwa kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huohuo kijana Seth Benjamin alifariki njiani katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa madhumuni hayohayo, na jina lake limebaki katika kumbukumbu za taifa.

Nia njema humtoa mtu nyumbani. Kinachomfikisha ni mwili, na mwili hautofautishi safari ya hisani na safari nyingine. Kwa hiyo inafaa kuuliza: mwalimu, karani au mkulima wa Chanika anayetaka kujiunga na msafara wa namna hiyo katika nchi yenye milima, ajiandae vipi ili afike salama?

BEI YA MWINUKO

Ichukuliwe kwa mfano safari ya siku mbili. Siku ya kwanza ni kutoka Chanika hadi Korogwe, barabara ya lami ya kilomita 65 inayopanda na kushuka vilima vingi hadi bonde la Mto Pangani, kisha kilomita 40 hivi za tambarare hadi Mombo, milima ya Usambara ikiwa upande wa kulia. Siku ya pili ni kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto. Sehemu hii ya mwisho ina kilomita 33 tu, lakini Mombo iko takriban meta 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto takriban meta 1,400. Mwendeshaji atapanda meta 1,000.

Watu wa Handeni wanaifahamu bei ya mwinuko kuliko wengi. Tangu miaka ya 1970, mradi wa maji wa HTM umekuwa ukivuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapandisha kwa pampu kuelekea Handeni. Kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja, na kuinua kilo moja kwa meta 100 huhitaji nishati ipatayo kilojuli moja. Pampu isipopata umeme, maji hayapandi. Kanuni hiyohiyo inamhusu mwendesha baiskeli, ila yeye ni pampu na maji kwa wakati mmoja.

Mtu mwenye uzito wa kilo 65 akipanda baiskeli ya kilo 20, jumla ni kilo 85. Kuziinua kilo hizo kwa meta 1,000 ni kazi ya kilojuli 834, bila kuhesabu msuguano wa matairi na upinzani wa hewa. Lakini misuli, kama injini yoyote, haigeuzi chakula chote kuwa kazi. Ni sehemu kati ya moja ya tano na moja ya nne tu inayofika kwenye pedali. Iliyobaki hugeuka kuwa joto. Hivyo mwili utatumia kati ya kilojuli 3,300 na 4,200 kufika Lushoto. Hiyo ni nishati iliyomo katika takriban robo kilo ya unga wa mahindi. Mlima wote wa Usambara, kwa hesabu ya chakula, ni sahani moja kubwa ya ugali. Ugumu uko katika kuitoa nishati hiyo mfululizo kwa saa tatu, na katika kuliondoa joto linaloambatana nayo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mlima na tambarare ni maadui wa aina mbili. Katika tambarare ya Korogwe hadi Mombo, adui mkubwa ni hewa. Anayefuata nyuma ya mwenzake kwa karibu hupunguziwa kazi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana washiriki hupokezana kukaa mbele. Mlimani mwendo ni mdogo, hewa haina nguvu, na adui ni uzito. Tambarare msafara husaidiana. Mlimani kila mtu hubeba uzito wake.

BAISKELI NI MASHINE YA KUBADILISHANA

Sasa irudiwe habari ya mchukuzi wa maji. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia za kubadilisha, kama zile za Phoenix, inaweza kuwa na meno 44 katika gurudumu la meno la mbele na meno 20 katika lile la nyuma. Kila pedali inapozunguka mara moja, baiskeli husogea karibu meta 4.8. Kwa kuwa mguu wenyewe umesafiri kama meta moja tu katika duara la pedali, mguu hulipa tofauti hiyo kwa nguvu: kani inayohitajika kwenye pedali ni zaidi ya mara nne ya ile inayosukuma gurudumu barabarani.

Kwa kilima kinachopanda meta 5 katika kila meta 100, mtu wa kilo 65 asiye na mzigo atahitaji kukandamiza pedali kwa wastani wa uzito wa kilo 22. Hilo linawezekana. Mwenye madumu manne atahitaji wastani wa kilo 43. Lakini hata akisimama juu ya pedali na kuutupa uzito wake wote, wastani anaoweza kuupata katika mzunguko mzima hauzidi kilo 41, kwa sababu pedali inapofika juu kabisa na chini kabisa uzito haufanyi kazi yoyote. Kilo 41 haziwezi kushinda 43. Akitaka kuendelea hana budi kuuvuta usukani kwa mikono ili kuongeza kani, jambo asiloweza kulifanya kwa muda mrefu. Mchukuzi anapoteremka chini ya kilima, basi, hana uvivu. Amefanya uamuzi ulio sahihi kihesabu.

Baiskeli yenye gia za kubadilisha huondoa tatizo hili kwa njia ya mabadilishano. Ikiwa meno ya mbele na ya nyuma ni sawa kwa idadi, baiskeli itasogea meta 2.2 tu kwa kila mzunguko, na kani inayotakiwa kwa mtu asiye na mzigo katika kilima kilekile itashuka hadi kilo 10. Bei yake ni kuzungusha mara nyingi zaidi: kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mwenye baiskeli ya kawaida huzungusha mara 34 kwa dakika, na mwenye gia nyepesi mara 76. Kazi ya jumla ni ileile. Kinachopungua ni maumivu ya kila hatua, na magoti hushukuru.

Wako walioishi bila nafuu hiyo hata katika mashindano makubwa. Mashindano ya kuzunguka Ufaransa yalipelekwa katika milima mirefu ya Pyrenees mwaka 1910, lakini vifaa vya kubadilishia gia havikuruhusiwa hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mshindani alisimama chini ya mlima, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi zaidi, ndipo akapanda. Mwenye baiskeli ya kawaida anaweza kujifunza kutokana na hilo: fundi baiskeli akimfungia nyuma gurudumu la meno 22 au zaidi badala ya 20 au 18, mlima utakuwa mwepesi kwa gharama ndogo kuliko ile ya kununua baiskeli mpya.

Kimo cha kiti nacho kina sehemu yake. Kiti kikiwa chini mno, goti hubaki limekunjwa wakati linapobeba kani kubwa, na baada ya saa chache huanza kuuma upande wa mbele. Kipimo rahisi ni kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Wakati wa kuendesha, sehemu pana ya mbele ya unyayo ndiyo hukaa juu ya pedali, na goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa.

MAZOEZI HUBADILI NINI MWILINI

Watu wengi hudhani kwamba mazoezi hukuza misuli tu. Kwa safari ndefu, mabadiliko makubwa hutokea katika njia za kusafirisha oksijeni na mahali inapotumiwa.

Badiliko la kwanza huonekana katika damu. Katika siku za kwanza za mazoezi, majimaji ya damu huongezeka. Moyo hupata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo, na kwa hiyo kwa kazi ileile mapigo hupungua. Chembe nyekundu, ambazo hubeba oksijeni, huongezeka polepole zaidi, kwa majuma kadhaa. Wakati huohuo mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli. Ndani ya seli za misuli huongezeka mitokondria, yaani vile vinu vidogo ambamo wanga na mafuta huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nishati. Mtu aliyezoea huweza kutumia mafuta zaidi na kuiwekea akiba hazina yake ndogo ya wanga.

Lakini viungo vyote haviendi kwa mwendo mmoja. Moyo na damu hubadilika katika majuma mawili au matatu. Kano, zinazounganisha misuli na mifupa, huchukua miezi. Hapa ndipo wengi huumia. Katika juma la nne mtu hujiona ana pumzi mpya, akaongeza masafa ghafla, na kano za goti au za kisigino ambazo hazijawa tayari zikavimba. Pumzi ni mshauri mzuri wa mwendo wa leo, lakini si mshauri mzuri wa mzigo wa juma lijalo.

Inafaa pia kusahihisha imani moja ya zamani. Ilidhaniwa kwamba maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya kazi ngumu husababishwa na asidi ya lakitiki iliyobaki mwilini. Sasa inajulikana kwamba dutu hiyo huondoka katika muda wa saa moja hivi baada ya mtu kupumzika, na mwili huitumia kama nishati. Maumivu yale hutokana na majeraha madogo mno katika nyuzi za misuli. Katika kipindi cha mapumziko nyuzi hizo hutengenezwa upya zikiwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo usingizi na siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi, kama vile kukausha matofali kulivyo sehemu ya ujenzi.

MAJUMA KUMI NA MAWILI

Mtu mwenye afya ambaye hajazoea kuendesha masafa marefu anaweza kujiandaa katika majuma 12. Kanuni ni tatu: kuongeza kidogo kidogo, kubadilisha siku ngumu na siku nyepesi, na kupunguza kazi katika kila juma la nne ili mwili ujijenge.

Majuma manne ya kwanza ni ya kuweka msingi. Siku tatu kwa juma mshiriki aendeshe katika njia isiyo na vilima vikali, akianza na dakika 45 na kufikia saa moja na nusu. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuzungumza, amekwenda kasi mno. Anaweza pia kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Akiandika hesabu hiyo kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, ataona ikishuka majuma yanavyopita. Ikipanda ghafla kwa mapigo kadhaa, huenda ni dalili ya uchovu uliolundikana au ugonjwa unaokuja.

Majuma manne ya pili ni ya vilima. Chanika haina mlima wa meta 1,000, lakini mlima mrefu unaweza kununuliwa kwa rejareja. Kilima chenye mwinuko wa meta 40 kikipandwa mara kumi ni meta 400. Mshiriki aanze na mara nne, apande kwa nguvu inayolingana tangu chini hadi juu, ashuke taratibu akipumua, kisha arudie. Kosa la kawaida ni kuanza kwa kasi. Kwa dakika mbili za kwanza misuli hutoa nishati bila oksijeni ya kutosha, na deni hilo hulipwa katikati ya mlima kwa miguu kuwa mizito. Mwenye kukosa kilima kikali anaweza kufunga dumu moja la lita 20 kwenye keria: kilima kinachopanda meta 4 katika 100, pamoja na dumu hilo, humlemea mtu sawasawa na kilima cha meta 5 katika 100 bila mzigo.

Majuma mawili yanayofuata ni ya masafa. Siku moja katika juma iwe ndefu, ikifikia kilomita 80 hadi 90, na siku inayofuata iwe fupi lakini yenye vilima. Mpango huu una sababu: katika safari ya mfano, Usambara hupandwa na miguu iliyochoka tangu jana. Majuma mawili ya mwisho ni ya kupunguza. Masafa yashuke hadi nusu, kisha theluthi, lakini siku za mazoezi zisifutwe zote, kwa maana majimaji ya damu yaliyoongezeka huanza kupungua katika siku chache tu za kukaa bure.

Ratiba hii isifuatwe kwa upofu. Mchukuzi wa maji ambaye kila siku husukuma kilo 80 tayari ana moyo na miguu ya mlima. Anachokosa si mazoezi zaidi bali mapumziko na chakula. Akiongezewa vilima jioni baada ya kazi ya mchana, atadhoofika. Kwake maandalizi bora huenda yakawa ni siku moja ndefu kwa juma na siku mbili za kupumzika. Mwili hujumlisha kazi zote, za shambani na za mazoezi, katika daftari moja.

JOTO, JASHO NA MAJI

Ilielezwa hapo juu kwamba sehemu kubwa ya nishati hugeuka kuwa joto. Katika kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, joto hilo ni kati ya kilojuli 2,500 na 3,300. Lita moja ya jasho inapokauka juu ya ngozi huondoa kilojuli 2,400 hivi. Kwa hiyo mlima peke yake hudai zaidi ya lita moja ya jasho, bila kuhesabu matone yanayodondoka chini bila kukauka, ambayo hayapozi chochote. Mlimani mwendo ni mdogo na upepo ni haba; ndiyo maana mtu huona joto zaidi akipanda kuliko akienda kasi tambarare.

Mwili hujifunza kustahimili joto katika siku 10 hadi 14. Jasho huanza mapema, huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Anayefanya mazoezi alfajiri tu, kisha akasafiri mchana, hatakuwa na mafunzo hayo. Inafaa katika majuma ya mwisho baadhi ya mazoezi mepesi yafanywe kukiwa na jua, kwa kuanza na nusu saa.

Kiasi cha maji kinachohitajika hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini kinaweza kupimwa kwa mizani ya kawaida. Mtu apime uzito kabla na baada ya saa moja ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji iliyopotea, na aliyokunywa njiani yaongezwe katika hesabu. Mtu wa kilo 65 akipungukiwa na kilo 1.3 au zaidi, nguvu yake huanza kushuka. Kwa upande mwingine, kunywa maji mengi kupita yale yaliyopotea ni hatari, kwani huipunguza chumvi ya damu hata kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na pengine kifo. Uji wenye chumvi kidogo, machungwa, au chakula chenye chumvi pamoja na maji, hufaa kuliko maji matupu katika safari ya saa nyingi.

Mshiriki anayeyumba, anayejibu maswali kwa kuchanganyikiwa, na ambaye ngozi yake ina moto mkali, amepatwa na kiharusi cha joto. Huyo asiachwe apumzike tu. Awekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, kisha apelekwe hospitalini. Dakika za kwanza ndizo zinazookoa maisha.

CHAKULA CHA SAFARI

Akiba ya wanga katika misuli na ini ni kati ya gramu 400 na 500. Kwa kazi nzito hutosha saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, mtu huishiwa nguvu ghafla, miguu hukataa na kichwa huzunguka. Kinga yake ni kula kabla ya kuona njaa. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa hutosha, nazo hupatikana katika ndizi mbivu mbili, au kiazi kitamu kilichochemshwa. Jioni ya kuamkia safari, ugali au wali na maharage hujaza akiba hiyo. Na kifungua kinywa kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Siku ya msafara si siku ya kujaribu chakula kigeni.

Katika majuma ya mazoezi madini ya chuma yana umuhimu wake, maana bila hayo chembe nyekundu hazitengenezwi. Hupatikana katika nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya madini hayo kuingia mwilini. Ni vyema ingoje saa moja.

KUTEREMKA

Maandalizi mengi huishia kileleni, hali watu hujeruhiwa zaidi katika kushuka. Zile kilojuli 834 zilizowekwa katika kupanda hazipotei. Anayerudi Mombo kutoka Lushoto atadaiwa kuzitoa zote, na zingetosha kuzichemsha lita mbili na nusu za maji. Nyingine huchukuliwa na hewa, zilizobaki hugeuka joto katika mipira ya breki na ringi za magurudumu.

Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Baiskeli yenye kilomita 40 kwa saa ina nishati mara nne ya ile yenye kilomita 20. Kwa hiyo breki ishikwe kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, na breki ya mbele na ya nyuma zitumiwe pamoja. Umande na mvua za Usambara zikilowesha ringi, breki hukawia kushika. Hushikwa kidogo mapema ili kuzikausha. Mipira ya breki iliyokwisha, waya uliochakaa na tairi lililopasuka ubavuni vibadilishwe kabla ya siku ya safari. Kofia ngumu ivaliwe, na katika barabara kuu ya malori kati ya Korogwe na Mombo msafara uende katika mstari mmoja.

WASIOPASWA KUANZA BILA DAKTARI

Mwenye homa asifanye mazoezi, na aliyeugua malaria asubiri hadi apone kabisa na kurudi kwa hatua, kwa sababu ugonjwa huo huharibu chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu wa damu, shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu apimwe kwanza. Mwenye selimundu asijaribu safari ya namna hii bila idhini ya daktari. Na hata aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja, ambaye kwa kawaida haugui, anahitaji kuongeza kazi polepole na kutokosa maji, kwani kazi kali katika joto imewahi kuwaletea watu kama hao madhara makubwa. Maumivu ya kifua, kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo na mpango ni amri ya kusimama.

Waandaaji nao wana wajibu. Ni bora wapange vituo vya maji na kivuli, gari la kuwachukua waliochoka, na mtu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza, kuliko kupanga sherehe ya mapokezi. Ni bora pia watangaze mapema kwamba kushuka na kusukuma si aibu wala hakumpunguzii mtu mchango wake. Mchukuzi wa maji wa Chanika hufanya hivyo kila asubuhi, na maji hufika nyumbani. Msafara uliokusudia kuichangia zahanati utakuwa umefaulu ikiwa fedha zimefika, na hakuna mshiriki hata mmoja aliyelazwa humo.